Meza Moja

Somo: Wagalatia 2:11-14, 1 Wakorintho 11:17-22

Wengine wenu mko jikoni mkitayarisha chai, na wengine mko shambani, redio mmeitundika mtini. Popote mlipo, twawaomba mtutegee masikio kwa dakika chache, maana leo twataka kuzungumza juu ya chakula.

Msishangae. Biblia imejaa habari za chakula. Ibrahimu aliwapokea wageni chini ya mti, akawachinjia ndama. Bwana wetu alilaumiwa na wakubwa wa dini kwa sababu ya kula pamoja na watoza ushuru. Na usiku ule wa mwisho hakuwaachia wanafunzi wake kitabu, bali mkate na kikombe. Basi ukitaka kuijua imani ya mtu, usimsikilize anapoomba tu. Mtazame anakula na nani.

Mwaka 2010, tulipokuwa tungali dikoni, tulipata nafasi ya kwenda kusoma kwa miezi michache katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Masomo yalikuwa mazuri, lakini moyo ulikuwa mpweke. Jumapili moja, baada ya ibada, mwenzetu mmoja wa chuoni alituelekeza kwenye hoteli ya chakula iitwayo Paschal's. Yeye mwenyewe hakuweza kuja. Tukaenda peke yetu, tukaketi kwenye meza ya pembeni, tukaletewa sahani.

Ndugu msikilizaji, tulipoitazama sahani ile nusura machozi yatutoke. Tulikuwa tumetegemea chakula cha kigeni, na tazama, tukaona chakula cha nyumbani! Kulikuwa na majani mabichi yaliyopikwa, wao huyaita collard, na hayo ni ndugu hasa wa sukuma wiki wetu. Kulikuwa na kunde nyeupe zenye jicho jeusi, na bamia, na mkate wa unga wa mahindi, na viazi vitamu. Na juu ya vyote kulikuwa na kuku wa kukaangwa, ngozi yake ikivunjika kama biskuti.

Chakula hiki hukiita soul food, yaani chakula cha roho. Jina hilo lilienea katika miaka ya 1960, Wamarekani weusi walipokuwa wakijivunia mambo yao waliyodharauliwa kwayo. Chakula chenyewe ni cha kale kuliko jina. Tuangalie kidogo kilikotoka.

Kilikotoka chakula hiki

Watumwa kutoka Afrika walianza kufikishwa Virginia mwaka 1619. Walipovushwa bahari, mazao ya kwao nayo yalivuka. Kunde asili yake ni Afrika. Bamia pia ilitoka Afrika, na mchuzi mzito wa huko uitwao gumbo umepewa jina litokanalo na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Nayo mahindi, ambayo sisi twadhani yalizaliwa Kenya pamoja na ugali, yalitoka Amerika yakaja kwetu. Hata viazi vitamu asili yake ni Amerika. Watumwa walipoviona viliwakumbusha viazi vikuu vya Afrika Magharibi, na mpaka leo wazee wengi wa huko huviita kwa jina la viazi vikuu. Kwa hiyo tunapokula ugali tunakula zao lao, nao wakila kunde wanakula zao letu. Bahari iliwatenga watu, lakini vyungu viliendelea kusalimiana.

Lakini tusidhani kwamba watu hao walijichagulia chakula. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland akatoroka, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kwamba mtumwa mzima alipimiwa kwa mwezi ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki badala yake, na busheli moja ya unga wa mahindi. Ratili 8 hazifiki kilo 4. Hiyo ndiyo nyama ya mwezi mzima kwa mtu aliyelima tangu alfajiri mpaka giza. Mapaja mazuri ya nguruwe yalikwenda nyumba kubwa. Kwa watumwa zilibaki shingo, miguu, masikio na utumbo. Kando ya vibanda vyao walilima vibustani vidogo, usiku au siku ya Jumapili, wakapata majani, kunde na viazi.

Basi akina mama wale walifanya nini? Walichukua mfupa usio na nyama, wakautia chunguni pamoja na majani magumu, wakaacha moto mdogo ufanye kazi. Sisi tunakaanga sukuma wiki kwa dakika chache. Wao huchemsha collard kwa saa nzima na zaidi. Maji yanayobaki chunguni hayamwagwi. Ni mchuzi wa kijani uitwao pot likker, nao hunywewa, au hutowelewa kwa mkate wa mahindi. Akina mama hao hawakusoma habari za vitamini, lakini walikuwa na akili. Majani yakichemshwa sana, sehemu ya nguvu zake huingia katika maji. Wazee husimulia kwamba bwana shamba alipelekewa majani mezani, na mtumwa akanywa maji yake. Mdharauliwa alipata kile ambacho mwenye mali hakujua thamani yake.

Kunde nazo zina siku yake. Hupikwa na wali, nazo huliwa tarehe 1 Januari. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1862 watu weusi wengi walikesha wakiomba, wakingojea tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lililotolewa tarehe 1 Januari 1863. Utumwa ulikomeshwa kisheria nchini kote mwezi wa Desemba 1865. Makanisa yao hukesha usiku huo hata leo, kama tunavyokesha sisi.

Na yule kuku? Huko Kusini kuku alikuwa wa Jumapili, na mchungaji akija kula, kipande kizuri kilikuwa chake. Kwa mzaha humwita kuku ndege wa Injili. Twadhani hakuna mchungaji wa Kenya atakayehitaji kufafanuliwa jambo hilo. Hata jogoo wa kwetu akiona kola nyeupe langoni, hujua siku zake zimehesabiwa.

Ndugu wawili na meza yao

Sasa turudi Paschal's. Hoteli hiyo ilianzishwa mwaka 1947 na ndugu wawili wa tumbo moja, Robert na James Paschal, watoto wa mji mdogo wa Thomson, Georgia. Walianza na chumba chenye viti 30, katika mtaa ulioitwa West Hunter, ambao leo ni barabara ya Martin Luther King Jr. Hawakuwa na jiko hapo, wala hawakuwa na gari. Robert alipika nyumbani kwake, na chakula kikapelekwa dukani kwa teksi. Mkate wenye kuku wa kukaangwa waliuza kwa senti 52. Kwa kuku huyo walipata jina, na mwaka 1959 wakahamia jengo kubwa ng'ambo ya barabara.

Siku zile sheria ya Georgia ilimkataza mwenye hoteli kuwahudumia watu weupe na weusi katika chumba kimoja. Leseni ilikuwa ama ya watu weupe, ama ya weusi. Hapa kwetu wazee wanakumbuka milango iliyokuwa imefungwa kwa Mwafrika kabla ya Uhuru, na hawahitaji kuelezwa uchungu wake. Ndugu Paschal hawakutoa hotuba. Waliandaa meza. Mtu mweupe akija, aliketi. Mtu mweusi akija, aliketi. Leseni yao, yaani jasho lao lote, ilikuwa hatarini kila sahani mbili za namna hiyo zilipotoka jikoni.

Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Atlanta walianza kuketi katika mikahawa ya watu weupe na kukataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Walikamatwa kwa makundi. Walipotoka jela usiku walikwenda Paschal's, wakalishwa bure. Hoteli ilikaa wazi hadi usiku sana ili wazazi wapate mahali pa kuwangojea watoto wao, na ndugu wale walitoa hata fedha za dhamana. Martin Luther King na wenzake, akina Andrew Young na John Lewis, walikutana hapo mara nyingi kupanga mambo yao, sahani za kuku zikiwa mbele yao.

Kuna jambo hapa linalotugusa sisi Wakenya. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alizuru Atlanta. Vijana wa chama cha wanafunzi cha SNCC walikwenda kumwamkia katika hoteli alimolala, wakamwimbia nyimbo za uhuru. Baada ya kuagana naye, baadhi yao waliingia mkahawa wa jirani ili wanywe kahawa. Wakanyimwa, na walipokataa kuondoka wakatiwa mbaroni. Waziri wa nchi changa ya Kiafrika alilala kitandani kwa heshima, na wenyeji waliokuja kumpokea hawakuweza kununua kikombe cha kahawa mlango wa pili! Sheria ya kuufuta ubaguzi huo ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964.

Swali la mama mmoja

Siku ile ya mwaka 2010 tulikuwa hatujayajua yote hayo. Tulikuwa tukila kimya, kichwa chini, kama mtu anayekula ugenini. Kwenye meza ya karibu palikuwa na mama mmoja mzee, kofia yake kubwa ya kanisani ingali kichwani, pamoja na wanawe na wajukuu. Alitutazama, halafu akaita, "Mwanangu, hapa hatuli peke yetu. Lete sahani yako." Tukaenda. Wajukuu wakasogezwa, tukapewa nafasi katikati.

Alituuliza watu wetu ni akina nani, na kama mama yetu yu hai. Aliposikia kwamba tunasomea uchungaji, alifurahi sana. Kisha akauliza, "Na huko kwenu Afrika, kanisani kwenu, watu wote wanakula meza moja?"

Tukajibu, "Ndiyo, mama. Wote."

Wapendwa, ule ulikuwa uongo. Hatukusita hata kidogo kuusema. Na wakati midomo ikisema ndiyo, macho ya moyo yaliona siku ya Kipaimara katika parishi yetu. Mnaijua siku hiyo. Huwa kuna hema la wageni lenye vitambaa vya meza na maua, na ndani yake kuku, pilau na soda. Nyuma ya kanisa huwa kuna foleni ndefu ya watu wenye sahani za plastiki, wakingojea wali na maharagwe. Wajane waliochanga kuku wale hawawaoni tena, ila mifupa wakati wa kuosha vyombo. Na sisi wachungaji tuko wapi? Tuko hemani, tumeshika paja.

Kumbukeni habari za Petro kule Antiokia. Alikuwa akila na Wakristo wa mataifa bila shida. Walipokuja watu kutoka Yerusalemu, watu wakubwa, akaanza kujiondoa polepole. Hakuikana Injili kwa midomo yake. Alihamisha kiti tu. Lakini Paulo alimpinga mbele ya watu wote, maana aliona kwamba kuhamisha kiti ni kuihubiri injili nyingine. Na Wakorintho nao, wenye mali walitangulia kula wakashiba, na maskini wakafika wakakuta makombo. Paulo hakusema ni jambo dogo la upishi. Alisema wanalidharau kanisa la Mungu.

Kurudi

Mwaka juzi tulipata tena safari ya kwenda Atlanta, mara hii kwa mkutano wa siku nne. Tuwaambie kweli, jambo tulilolitamani zaidi halikuwa mkutano. Tulitaka kurudi Paschal's, tumtafute yule mama, tumwambie kwamba tulimdanganya.

Hoteli yenyewe imepita katika mabadiliko. Jengo la zamani liliuzwa kwa chuo kikuu cha Clark Atlanta mwaka 1996. Robert alifariki mwaka 1997. Mwaka 2002 Paschal's mpya ilifunguliwa katika mtaa wa Castleberry Hill, na hiyo ndiyo tuliyoijua sisi. James alifariki mwaka 2008. Lakini kuku ni yule yule, na majani ni yale yale.

Si kwamba yote ni mema. Chakula hiki kina chumvi nyingi na mafuta mengi. Majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani yanajulikana kwa wingi wa ugonjwa wa kiharusi, na madaktari wanakitaja chakula kuwa miongoni mwa sababu zake. Mlo uliomfaa mtu aliyelima mchana kutwa humdhuru mtu aketiye ofisini. Kwa hiyo wapishi wengi siku hizi hutia bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi mahali pa mafuta ya nguruwe, nao hupunguza chumvi. Wanamheshimu bibi yao, lakini hawafi kwa ajili ya chungu chake. Hilo nalo tulilitia moyoni: si kila tulichorithi kwa wazee lazima tukihifadhi.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, kama mara ya kwanza. Tuliketi tukitazama mlango. Kofia nyingi ziliingia, lakini yake haikuwamo. Jina lake hatukuwa tumelishika, hivyo hatukuweza hata kumwuliza mtumishi. Alikuwa mzee mwaka 2010. Tukaelewa.

Kwenye meza ya pembeni palikuwa na kijana mmoja peke yake, kichwa chini. Tulibishana na nafsi yetu kwa muda, maana aibu ni ndugu wa uvivu. Mwishowe tukasema, "Kijana, hapa hatuli peke yetu. Lete sahani yako." Akaja. Alikuwa mwanafunzi kutoka jimbo la mbali. Alisema amekaa mjini majuma matatu na ule ndio mlo wake wa kwanza kula na mtu. Hakutuuliza swali lolote juu ya Kenya. Hata hivyo swali la yule mama lilikuwa palepale mezani.

Tuliporudi nyumbani tulilipeleka jambo hili katika baraza la kanisa, miezi mitatu kabla ya Kipaimara. Mjadala ulikuwa mkali. Mmoja alisema tunamvunjia Askofu heshima. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akajibu, "Askofu ana miguu, atapanga foleni." Tukahesabu, tukaona kuku hawawezi kuwatosha watu wote. Basi tukakubaliana kwamba hakuna kuku. Tulipika wali, maharagwe, sukuma wiki na mchuzi wa ng'ombe, kwa watu wote. Wazee na watoto walitangulia. Baba Askofu aliketi kwenye benchi katikati ya vijana aliokuwa amewawekea mikono, akala, akaomba aongezewe sukuma wiki.

Lakini mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyetoa mabati mengi ya paa letu, hakula siku ile. Alichukua fimbo yake akaenda zake. Tumemtembelea mara nne. Anatupokea vizuri, anatupa chai, lakini asema hakuchangia jengo lile ili apange foleni na watu wa juzi. Tunampenda, naye ana haki ya kuheshimiwa. Hatujajua bado namna ya kumheshimu bila kuwatweza wengine. Mwaombee, na mtuombee sisi pia, maana hema lile lilikuwa letu kabla halijawa lake.

Basi, mama mpendwa, popote ulipo, kama ungali hai au umekwisha kuitwa kwenye karamu ile kubwa, jibu letu la kweli ni hili: Hapana, mama. Hatukuwa tukila meza moja. Tumeanza mwaka jana.

Na wewe msikilizaji, huko kwenu ni nani anayekula nyuma ya kanisa? Ni nani anayekula jikoni nyumbani kwako, na wewe uko sebuleni? Jumapili ijayo, kabla hujaketi, simama kidogo utazame.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi na wenye dhambi ukala nao, utusamehe viti tulivyovihamisha kwa kuwaogopa wanadamu. Uwabariki wapikao na wasioitwa mezani. Utulainishe mioyo, sisi na wazee wetu, mpaka tutakapoketi sote pamoja katika Ufalme wako. Amina.